Watawala wa Silesia na Urithi wa Ndugu

Jioni hii tunaomba mfuatane nasi katika safari ya mbali kidogo. Twaenda Polandi, katika jimbo liitwalo Silesia, na tutarudi nyuma karibu miaka mia tisa. Mwenye ramani nyumbani na autafute mto Odra, unaoanzia katika milima ya kusini na kuteremka kuelekea Bahari ya Baltiki. Bonde la juu na la kati la mto huo ndilo Silesia. Mji wake mkuu huandikwa Wrocław, na wenyeji hutamka karibu na kusema Vrotswaf. Majina mengine tutayatamka kadiri ya uwezo wetu, nanyi mtatusamehe.

Huenda mama mmoja jikoni ameshauliza, "Watu hao watuhusu nini?" Swali ni la haki. Wazee wa Tengeru karibu na Arusha, na wa Masindi kule Uganda, waliwajua Wapolandi kwa macho. Wakati wa vita vya pili vya dunia, maelfu ya wanawake, watoto na wazee wa Polandi waliletwa Afrika Mashariki kama wakimbizi, na mpaka leo makaburi yao yapo Tengeru, na kanisa walilolijenga lipo Nyabyeya. Wengi wao walitoka mashariki ya Polandi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, sehemu ile ya mashariki ilichukuliwa na Urusi ya Kisovieti, na Polandi ikapewa Silesia iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Wajerumani wakaondolewa, Wapolandi wa mashariki wakaletwa kukaa katika nyumba zao. Basi nchi hiyo imebadilisha wenyewe mara nyingi, na mabadiliko ya kwanza yalianza kwa wosia wa baba mmoja.

Baba huyo alikuwa Bolesław wa Tatu, ambaye watu walimpa jina la Mdomo Kombo. Alikuwa wa ukoo wa Piast, ukoo ule ule wa Mieszko aliyebatizwa mwaka 966 na kuiingiza nchi yake katika Ukristo. Bolesław alijua uchungu wa ndugu wanaogombea kiti. Yeye mwenyewe alipigana na nduguye Zbigniew, akamshinda, kisha akaamuru atobolewe macho. Alipozeeka hakutaka wanawe wafanyiane vile. Kwa hiyo aliwagawia nchi kila mmoja sehemu yake, na mkubwa wao, Władysław, akapewa Silesia pamoja na mji wa Kraków, awe juu ya ndugu zake kama baba mdogo wa nyumba. Mzee akafa mwaka 1138. Mnaosoma Biblia mwakumbuka habari za Rehoboamu katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, jinsi ufalme ulivyopasuka kwa sababu ya ukali wa kijana. Polandi ilipasuliwa na mzee mwenyewe, kwa nia njema kabisa, ili watoto wasigombane.

Wakagombana. Władysław alikuwa na mama yake, na wadogo zake walikuwa na mama mwingine, Salomea, na wasikilizaji wa Afrika hatuhitaji kuwaeleza zaidi nyumba ya namna hiyo ilivyo. Mkewe Władysław aliitwa Agnes, ndugu wa mfalme Conrad wa Ujerumani, na vitabu vya zamani vinamlaumu sana kwamba ndiye aliyemchochea mumewe achukue nchi yote. Sisi tunadhani waandishi wale waliona ni rahisi kumlaumu mwanamke mgeni. Hata hivyo Władysław alianza kuwanyang'anya wadogo zake. Palikuwa na mkuu mmoja wa Silesia, Piotr Włostowic, tajiri anayekumbukwa kwa makanisa mengi aliyojenga. Huyu hakukubaliana na jambo lile. Władysław akamkamata, akamtoboa macho na kumkata ulimi. Hapo watu wakamwacha. Askofu Mkuu akamtenga na Kanisa, na mwaka 1146 akashindwa vitani mbele ya mji wa Poznań, akakimbilia kwa shemeji yake Ujerumani. Alikufa huko mwaka 1159, hakuiona tena nchi yake, na jina lake katika historia ni Władysław Mhamishwa.

Mwaka 1163 wanawe walirudishwa Silesia, kwa nguvu ya Kaisari Frederick Barbarossa. Mkubwa, Bolesław Mrefu, alikaa Wrocław; nduguye Mieszko akachukua Racibórz, na baadaye Opole. Hao nao walipigana wao kwa wao, maana walikuwa wamekulia uhamishoni wakisikia habari za urithi mchana na usiku. Ila Bolesław alifanya jambo moja lililodumu. Aliwaleta watawa wa Cistercia kutoka Ujerumani, akawapa mahali paitwapo Lubiąż, kando ya mto Odra, na hati yake ni ya mwaka 1175. Watawa hao walikuwa watu wa sala na wa jembe, na mahali walipokaa ardhi ilifunguliwa na vinu vya maji vikajengwa. Bolesław akafa mwaka 1201, akazikwa kwao.

Sasa tumefika kwa watu wawili ambao ni afadhali tukae nao kidogo, mtawala Henryk Mwenye Ndevu na mkewe Jadwiga.

Henryk alitawala tangu 1201 hata 1238. Aliikuta nchi yenye misitu mingi na watu wachache, akatafuta watu. Waliokuja kutoka Ujerumani walipewa ardhi na miaka kadhaa ya kukaa bila kulipa kodi, mpaka wafyeke na kupanda. Miji ilipewa sheria zake, yaani wenyeji wajichagulie wazee na kuamua kesi zao bila kumngoja mtawala. Mji wa kwanza kupewa haki hiyo uliitwa Złotoryja, mahali palipochimbwa dhahabu, mwaka 1211. Wako waandishi waliomlaumu Henryk kwamba kwa kufanya hivyo aliitoa Silesia kwa Wajerumani. Sisi hatuoni haki katika neno hilo. Mtu wa mwaka 1211 alitaka mashamba na ghala zenye nafaka. Hakuweza kuona mambo ya 1945.

Jadwiga alitoka Bavaria, katika nyumba ya Andechs. Alikuwa amesomeshwa na watawa wa kike, akajua kusoma Maandiko, na aliozwa akiwa binti wa miaka kumi na miwili hivi. Dada yake mmoja aliolewa na mfalme wa Ufaransa. Mwingine akawa malkia wa Hungaria, akauawa na wakuu wa nchi mwaka 1213. Jadwiga alimzalia Henryk watoto saba, na wengi wao aliwazika mwenyewe. Mwaka 1202 yeye na mumewe walianzisha nyumba ya watawa wa kike huko Trzebnica, kaskazini ya Wrocław. Kisha, karibu na mwaka 1209, waliweka nadhiri mbele ya askofu ya kuishi kama kaka na dada. Inasemekana tangu siku hiyo Henryk hakunyoa tena, na ndipo alipopata jina lake.

Husimuliwa kwamba Jadwiga alitembea bila viatu hata wakati wa theluji, na mchungaji wake alipomwamuru avichukue viatu, alitii kwa kuvichukua kwapani. Katika picha nyingi za kanisa utamwona hivyo, viatu mkononi. Maisha yake yaliandikwa wakati yeye hayupo tena, na msomaji ana ruhusa ya kupepeta. Kanisa la Roma lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1267. Sisi hatuna desturi ya kuwaomba waliolala, wala hatutaianzisha leo redioni. Lakini yako mambo katika maisha yake ambayo Mkristo wa Kanisa lolote anaweza kuyapima, na moja ni hili tunalotaka kuwaeleza.

Mwaka 1227 watawala wa ukoo wa Piast walikutana Gąsawa kufanya shauri. Walipokuwa wakipumzika asubuhi, watu wenye silaha waliwavamia. Leszek, aliyekuwa mtawala wa Kraków, alikimbia akauawa njiani. Henryk alijeruhiwa, na alipona kwa kuwa askari wake mmoja jina lake Peregrinus alimlalia juu, akapigwa yeye badala ya bwana wake. Baada ya hapo kiti cha Kraków kilikuwa wazi. Henryk alikitaka, na Konrad wa Mazovia, nduguye marehemu, alikitaka pia. Mwaka 1229 Henryk alikuwa ibadani mahali paitwapo Spytkowice. Watu wa Konrad wakaingia, wakaua watu, wakamchukua Henryk mateka hata Mazovia.

Tusipite haraka hapa. Watu wale wote walikuwa wamebatizwa. Wote walijenga makanisa na kuwapa watawa mashamba. Nao waliona ibada ni wakati mzuri wa kumkamata ndugu, kwa kuwa mtu aliyepiga magoti hana upanga mkononi.

Mwana wa Henryk, naye Henryk, alikusanya jeshi aende kumwokoa baba yake. Jadwiga akamzuia. Akafunga safari mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na zaidi, akaenda hata Mazovia kwa Konrad, na wanasema Konrad alipomwona alishikwa na hofu. Wakapatana. Henryk aachiliwe, aache madai yake juu ya Kraków, na wajukuu wawili wa Jadwiga waolewe na wana wawili wa Konrad. Damu haikumwagika. Wahubiri wengi wamemsifu Jadwiga kwa ajili ya safari hiyo, nasi twamsifu. Lakini twaona pia kwamba deni la wazee lililipwa na wasichana wawili, Gertruda na Konstancja, ambao hakuna aliyeandika kama waliulizwa. Na Henryk aliipata Kraków hata hivyo, mwaka 1232. Akafa mwaka 1238, akiwa na sehemu kubwa ya Polandi mkononi, huku akiwa na ugomvi na maaskofu juu ya mali na haki za Kanisa.

Mwanawe Henryk wa Pili, aitwaye Mcha Mungu, alikaa kitini miaka mitatu tu. Mwanzoni mwa mwaka 1241 Wamongoli waliingia kutoka mashariki. Sandomierz ikaanguka, Kraków ikachomwa, Wrocław ikateketea isipokuwa ngome. Henryk aliwakusanya askari wake na watu wa Polandi waliosalia, akasimama karibu na Legnica. Mfalme Wenceslaus wa Bohemia, kaka yake Anna, mkewe Henryk, alikuwa njiani na jeshi kubwa, amebakiza mwendo wa siku moja hivi. Henryk hakungoja. Tarehe 9 Aprili alipigana, jeshi likavunjika, naye akauawa. Kichwa chake kilitundikwa juu ya mkuki kikaonyeshwa mbele ya ngome ya Legnica ili walinzi wafungue milango, nao hawakufungua. Husemwa Anna aliutambua mwili wa mumewe kwa mguu wa kushoto, uliokuwa na vidole sita.

Kwa muda mrefu watu walihubiriwa kwamba Henryk kwa kufa kwake aliiokoa Ulaya. Twasikitika, mambo hayakuwa hivyo. Jeshi lile la Legnica lilikuwa mkono mmoja tu wa Wamongoli, uliotumwa kuwazuia Wapolandi wasiende kuisaidia Hungaria. Siku mbili baadaye, tarehe 11 Aprili, jeshi lao kubwa lilimshinda mfalme Béla wa Hungaria huko Mohi. Waliokuwa Legnica waligeuka kusini wakaungana na wenzao. Waliondoka Hungaria mwaka 1242, baada ya mfalme wao mkuu Ögedei kufa kwao Asia. Henryk alifanya wajibu wake kwa watu wake, na hilo latosha. Haifai kumwongezea ushindi asioupata. Jadwiga alikuwa hai, akapokea habari ya kifo cha mwanawe. Alikufa mwaka 1243 huko Trzebnica. Anna aliishi mjane miaka zaidi ya ishirini, akijenga hospitali na nyumba ya watawa Wrocław.

Na watoto wa Henryk Mcha Mungu? Hapa hatutakaa sana, maana habari zenyewe zinachosha. Wosia wa 1138 ulirudiwa katika kila kizazi. Mkubwa wao, Bolesław aliyeitwa Rogatka, alihitaji msaada dhidi ya ndugu zake mwenyewe, basi mwaka 1249 akampa Askofu Mkuu wa Magdeburg sehemu ya nchi ya Lubusz, mlango wa magharibi wa Polandi. Alimfunga gerezani askofu wa Wrocław. Mwaka 1277, naye mzee sasa, akamteka nyara mpwa wake Henryk wa Nne ili apate kipande cha ardhi. Wrocław ikawa na mtawala wake, na Legnica, na Głogów, na Świdnica, na Brzeg, na upande wa juu vivyo hivyo, mpaka katika karne ya 14 Silesia ilikuwa na tawala zaidi ya kumi. Wengine walitawala mji mmoja na vijiji vilivyouzunguka. Mwenye kugawa ekari kumi kwa wana watano, na kila mmoja wa hao kwa wana wake watano, ajua hesabu hiyo inaishia wapi.

Karibu nao palikuwa na mfalme wa Bohemia, mwenye machimbo ya fedha na haja ya ardhi. Hakuhitaji kupigana sana. Kati ya mwaka 1327 na 1329 watawala wengi wa Silesia walimwapia mfalme John mmoja mmoja, kila mmoja akitafuta mlinzi dhidi ya binamu yake. Mwaka 1335 mfalme Kazimierz wa Polandi alikubali kuacha madai yake. Mmoja tu aliyekataa mpaka mwisho alikuwa Bolko wa Pili wa Świdnica, mtu mdogo wa kimo. Alikufa mwaka 1368 bila mtoto. Mjane wake Agnes akashika nchi hadi 1392, kisha nayo ikaenda Bohemia.

Kuna kitu kimoja kilichobaki kutoka siku hizo ambacho hakina vita ndani yake. Katika monasteri ya Henryków, iliyoanzishwa siku za Henryk Mwenye Ndevu, abati mmoja jina lake Piotr aliandika karibu na mwaka 1270 kitabu cha mashamba ya monasteri. Alitaka kuthibitisha kila shamba lilitoka kwa nani, maana wana wa watawala walikuwa wakija na kudai alichotoa babu. Aliandika kwa Kilatini. Alipofika kwenye kijiji kimoja akaeleza asili ya jina lake. Alikaa hapo mtu aitwaye Boguchwał, Mcheki, aliyepewa ardhi na Bolesław Mrefu. Mkewe alisimama kila siku kwenye jiwe la kusagia. Mumewe akamhurumia, akamwambia ampishe asage yeye, mkewe apumzike. Neno hilo la mume abati aliliandika pia katika lugha ya nyumbani. Nalo ndilo sentensi ya kale kuliko zote inayojulikana kuandikwa kwa Kipolandi. Kusaga ilikuwa kazi ya wanawake kule kama huku, na majirani walimpa yule bwana jina la utani kwa ajili ya jambo hilo. Kitabu kipo mpaka leo Wrocław, na mwaka 2015 shirika la UNESCO liliandika jina lake katika orodha ya hazina za kumbukumbu za dunia.

Ukoo wa Piast ulifika mwisho wake upande wetu, kwa jinsi ya kusema. Katika miaka ya 1520 mtawala wa Legnica, Frederick wa Pili, alipokea mafundisho ya Matengenezo ya Kanisa, na nyumba yake ya Legnica na Brzeg ikabaki ya Kiprotestanti. Kufikia hapo Silesia ilikuwa chini ya makaisari wa Habsburg, Wakatoliki. Baada ya vita vya miaka thelathini, amani ya 1648 iliwaruhusu Waprotestanti wa nchi ya Kaisari kujenga makanisa matatu tu, nje ya kuta za mji, kwa mbao na udongo na majani, bila mawe na bila mnara. Mawili yanasimama hata leo, Jawor na Świdnica, na la Świdnica huingia maelfu ya watu. Waliotaka yaoze upesi walikosea hesabu.

Katika Legnica na Brzeg yenyewe mtawala bado alikuwa wa imani moja na watu wake. Wa mwisho aliitwa Jerzy Wilhelm. Alishika utawala mwaka 1675, akaugua, akafa tarehe 21 Novemba mwaka ule ule, naye alikuwa na miaka kumi na mitano. Kaisari akachukua nchi. Mama yake, Ludwika, alijenga huko Legnica nyumba ya kaburi la ukoo, na ndani yake akaweka sanamu nne, ya mumewe, yake mwenyewe, ya mwanawe, na ya binti yake Karolina.

Karolina alikuwa amegeuka Mkatoliki, jambo lililomwumiza sana mama yake. Aliishi mpaka mwaka 1707, wa mwisho kabisa katika nyumba ile, na akazikwa Trzebnica, katika kanisa la Jadwiga.